Kisanduku cha Kutafutia

Nilifika Hombolo na michoro yangu kwenye kishikwambi:
ukurasa wa mbele wa rangi ya udongo,
suke la mtama pembeni, likitikisika ukiligusa.
Watafiti saba wakatazama, kwa adabu,
kama mtu anavyotazama picha za harusi asiyoalikwa.
Daktari Shekiondo akafuta miwani kwa ncha ya shati.
"Suke zuri," akasema. "Sasa nionyeshe
mwaka ule lugugu ilipokataa kuota,
kitalu cha tatu, upande wa bwawa."

Sikuwa nao mwaka huo.
Nilikuwa na ripoti mia nne na kumi na mbili,
zote zimefaulu.

Nikaomba funguo za stoo.

Madaftari yamefungwa kwa kamba ya katani.
Mengine mchwa wameyasoma kabla yangu,
wakaanzia katikati, wakaacha pambizo,
na pambizoni ndiko kulikoandikwa:
*Kwelea wamekuja saa nne. Tumepiga madebe hadi jua kuchwa.*
*Kipimo cha mvua kimeibwa. Tunatumia kopo la maziwa.*
*Mke wa mlinzi kajifungua. Milimita sita.*

Jioni naingiza, moja baada ya jingine.
Fomu niliiunda mwenyewe, mjini, chini ya kiyoyozi:
visanduku kumi na sita,
vinavyogeuka vyekundu visipojazwa.
Kichwa. Mwaka. Zao. Mwandishi.
Mwandishi? Ninachokijua ni mwandiko tu,
herufi k yenye mguu mrefu,
ya mtu aliyeamka saa kumi na mbili, miaka kumi na minane,
kwenda kusoma maji kwenye chupa.
Mfumo unakataa: *Jaza sehemu hii.*
Najaza nukta.
Unakataa nukta.

Nikauliza bombani, nikauliza dukani kwa mama Ndahani.
Si Yoramu huyo? Yoramu Chilongani,
yupo Ipala siku hizi, anapogolea watu zabibu.
Nikampigia. Akacheka, simu ikakwaruza.
"Mimi sikuandika kitu, mwanangu. Mimi nilipima."

Usiku ule niliibomoa fomu.
Nikaongeza kisanduku: *Aliyepima.*

Halafu yakaja majina.
Daktari anatafuta kwa Kilatini.
Bibi shamba wa kata anaandika kiduha.
Yoramu, pambizoni, kaandika
*lile zambarau lenye roho mbaya.*
Majina matatu, gugu moja, linanyonya mzizi mmoja.
Nimeyafunga pamoja kama mbuzi kwenye kigingi
na kila asubuhi nakuta mmoja amekata kamba.
Wiki mbili nimegombana na neno "ukame":
wa hali ya hewa anapimia mvua,
wa udongo anapimia udongo,
na mhasibu akasema kwake ukame ni mwezi wa sita.
Huyo sikumwekea kisanduku,
ingawa nilitamani.

Siku ya majaribio umeme ulikatika.
Tukatumia sola ya zahanati, waya umepita dirishani.
Daktari Shekiondo akaandika kwa kidole kimoja,
si Kilatini, si namba ya kitalu:
*haikuota.*
Duara likazunguka.
Likazunguka.
Majibu kumi na tisa.

La kwanza lilikuwa kitalu cha tatu, upande wa bwawa.
Akalikuza kwa vidole viwili,
kurasa ya njano, doa la chai, ile k yenye mguu:
*Siku ya 26 bila mvua. Wanasema mbegu ni mbovu.
Nimelaza kumi kwenye kitambaa kibichi nyumbani.
Zimeota tisa.*

Hakusema kitu muda mrefu.
Ripoti ya mwaka ule ninayo, namba mia mbili na nane:
*mbegu duni,* imesema, na sahihi ni yake.
Nje mtu alikuwa anaswaga ng'ombe kwenda kunywa.

"Hapa," akauliza, "mtu anaweza kuongeza sahihisho,
chini ya jina lake?"
Nikamwambia bado hapawezekani.
"Pawezeshe."
Akasimama, akatafuta kofia yake, akarudi mlangoni.
"Na lile suke linalotikisika liondoe.
Linakula bando."